Siku Tatu za Kujipanga

Nilifika Sururi siku ya arobaini na tisa baada ya daktari kuniambia kwamba nina kisukari cha aina ya pili. Naitaja siku hiyo kwa idadi kwa sababu wakati ule nilihesabu kila kitu. Kazi yangu ni ukaguzi wa vipimo: mizani, vibaba, fimbo za kupimia kitambaa. Serikali ya Sururi ilikuwa imeniomba nikague mizani ya soko lake kuu. Nilikubali siku ileile, si kwa kupenda safari, bali kwa kuwa nyumbani sikuweza tena kukaa kitini robo saa bila kuinuka. Mke wangu alikuwa ameanza kuniuliza nina nini, na sikuwa nimemwambia. Ndani ya mkoba nilikuwa na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, na ndani ya mfuko wa vifaa vya kunyolea mashine ndogo ya kupimia sukari. Nilijichoma kidole mara nane kwa siku nikiwa nimejifungia chooni, nikaandika namba daftarini. Zaidi ya kumeza vidonge vyangu viwili, sikufanya jambo lolote kuhusu namba hizo ila kwenda kutafuta nyingine.

Fomu ya mpakani ilikuwa na swali moja: "Je, u mzima?" Nikaandika ndiyo.

Siku mbili za kwanza niliamini kwamba nimefika katika nchi yenye afya kuliko zote nilizowahi kuzikagua. Tangu alfajiri barabara zilijaa watu wanaotembea kwa kasi, wazee kwa vijana, mawakili wakiwa na majoho yao mkononi. Sokoni kulikuwa na mlenda, tembele, dagaa na maharage. Makarai ya wapika maandazi yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa cheupe, kama maiti. Chai ilinywewa kavu, bila sukari. Mizani yao ilikuwa sahihi hadi gramu moja, jambo ambalo sijalikuta kwetu hata mara moja.

Mambo matatu hayakulingana na picha hiyo, nami niliyaandika bila kuyaelewa. La kwanza ni mitungi. Kila pembe ya mtaa ilikuwa na mtungi mkubwa wa maji ya kunywa, na kibao kando yake kilisema kwamba Sururi inaongoza nchi zote kwa wingi wa mitungi. Hakuna aliyeuliza kwa nini raia wana kiu kiasi hicho. La pili ni maandishi. Vibao vya mitaa viliandikwa kwa herufi za urefu wa mkono mzima, na niliambiwa kwamba kila baada ya miaka mitano serikali huzikuza zaidi, kwa kuwajali wasomaji. La tatu ni miguu. Wazee wa Sururi hujisifu kwamba hawasikii mwiba wala joto la lami. Huiita hali hiyo utulivu wa nyayo, na anayeifikia hupewa kiti cha mbele kwenye sherehe.

Nilipangishiwa chumba kwa Bi Mwatime, mjane wa miaka sitini hivi, mpishi wa harusi aliyejulikana mji mzima kwa kaimati zake. Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na utulivu tangu miaka minne iliyopita. Jioni ya siku ya pili alirudi kutoka matembezini akitokwa jasho, akakaa barazani bila kuvua viatu.

"Mnatembea hivi kila siku, mama?" nilimuuliza.

"Kila siku ya nini, baba? Hizi ni siku tatu za kujipanga. Jumatano ni kipimo."

"Na baada ya Jumatano?"

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyesahau kuhesabu. "Baada ya Jumatano ni Alhamisi."

Hivyo ndivyo nilivyoijua sheria yao. Mara moja kila miezi mitatu raia wote hupimwa sukari asubuhi moja, kabla ya kula. Anayekutwa chini ya saba hugongewa muhuri kwenye Hati ya Uzima. Mwenye hati ni mzima kisheria hadi kipimo kinachofuata, na hakuna ofisa, daktari wala jirani anayeruhusiwa kumwambia vinginevyo. Hati ndiyo inayompa mtu kibali cha kufundisha, kuendesha gari, kuoa, na kwa Bi Mwatime, kupikia harusi. Sheria haisemi lolote juu ya siku themanini na saba zinazobaki, na Wasururi ni watu wanaoheshimu sheria: kisichotajwa hawakigusi.

Jumatano nilipanga foleni pamoja nao, kwa kuwa na wageni hupimwa. Mbele yangu wanaume wawili walikuwa wakitaniana.

"Mwenzangu, umekunywa shubiri glasi ngapi?"

"Nne. Hata mate yangu yananikimbia."

"Basi leo una halali ya maandazi kumi na mawili."

"Kumi na mawili ni ya kwangu. Na ya mke wangu nitamsaidia."

Haukuwa mzaha mtupu. Wasururi wanaamini kwamba kichungu hulipia kitamu, glasi moja kwa vipande vitatu, na wapo wanaoitetea hesabu hiyo kwa vitabu.

Msajili wa Afya, Bwana Mshindo, alikaa mezani akiwa na muhuri wa shaba. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye sauti ya upole. Bi Mwatime alipata sita nukta nane. "Hongera, bibi. Muhuri wa kumi na moja," alisema Bwana Mshindo. Mimi, niliyekula mlenda siku tatu kwa kuwa hapakuwa na kingine, nilipata sita nukta mbili. Nikapewa hati mpya yenye jina langu.

Ninaripoti kwamba nilifurahi. Nilijua vizuri kilichomo katika karatasi ya mkobani. Nilijua pia kwamba mizani inayopimwa siku ambayo mkaguzi ametangaza kuja haithibitishi chochote. Kwa kosa hilo nimefunga maduka. Hata hivyo niliisoma hati ile mara tano, nikaitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo. Siku nzima ile sikujichoma kidole hadi jioni.

Saa sita mchana king'ora kililia na vitambaa vikaondolewa juu ya makarai. Sitaeleza sherehe kwa urefu. Kulikuwa na kaimati zilizoogeshwa shira, visheti, halua, wali wa nazi, na chai ambayo kijiko hukaribia kusimama ndani yake. Jirani mmoja aliniona nasita, akanisukumia sahani. "Kula, bwana mkaguzi. Au hati yako ya bandia?" Watu wakacheka, nami nikala. Jioni nilijifungia chooni, nikakuta kumi na saba nukta nne. Niliandika namba hiyo kwa mwandiko mzuri, nikarudi mezani.

Ijumaa asubuhi, nikinywa chai barazani, nilisikia harufu. Nilidhani ni panya aliyekufia darini, nikazunguka nyumba nzima nikimtafuta. Harufu ilikuwa ikihama. Ilikwenda jikoni, ikarudi barazani, ikakaa kwenye kiti kilichokuwa mbele yangu.

"Bi Mwatime," nilisema, "naomba uvue kiatu cha kushoto."

"Mgeni gani huyu anayewavua viatu wajane wa watu?"

"Naomba, mama."

Alivua akicheka. Ndani ya kiatu kulikuwa na kifungo cha shati. Alikuwa amekitembelea siku tatu za kujipanga, kilomita kumi na mbili kila siku kwa makadirio yangu, kisha akakichezea ngoma Jumatano nzima. Kilikuwa kimechimba shimo chini ya kidole gumba. Kingo za shimo zilikuwa nyeusi, na wekundu ulikuwa umepanda hadi katikati ya unyayo. Bi Mwatime aliinama akautazama kwa udadisi, kama anatazama mguu wa mtu mwingine.

"Ajabu," alisema. "Na hauumi hata kidogo."

Nilimpeleka hospitali kuu. Muuguzi aliyetupokea, dada mmoja aliyeitwa Siwema, alibonyeza pembeni mwa kidonda, akamchoma kidole, akatuonyesha mashine. Ilikuwa kumi na tisa. Kisha akamwomba hati, akaona muhuri wa Jumatano, akashusha pumzi.

"Bibi, kidonda hiki dawa yake iko Wodi ya Sukari. Dawa ya mshipa, kusafishwa kila siku, na insulini mpaka sukari ishuke. Lakini wodi ile haipokei mwenye hati."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwenye hati hana sukari."

"Na hiyo kumi na tisa?"

"Hiyo sijaiona, bibi. Mpaka kipimo kijacho siruhusiwi kuiona."

Nilimuuliza mguu unaweza kungoja siku ngapi. Alitazama mlangoni kwanza. "Kidole hakiwezi kungoja tena. Mguu, siku tano. Ukifika Jumatano ijayo hivi ulivyo, watakata chini ya goti."

Bwana Mshindo, tulipomfuata ofisini, alitupokea kwa adabu kubwa. Alisema jambo lenyewe ni dogo. Angeliandika kuwa ajali ya kifungo, na Bi Mwatime angepewa marhamu na kitambaa katika wodi ya ajali, hati yake ikibaki safi.

"Marhamu haitashusha sukari," nilisema.

"Bwana mkaguzi, sukari gani?" aliuliza, na ninathibitisha kwamba hakuwa akinikejeli. Alikuwa akiuliza kwa mujibu wa kumbukumbu zilizo mbele yake.

Njia iliyobaki ilikuwa kuirudisha hati, na hati hairudishwi ila mbele ya Baraza la Uzima, kwa ushahidi kwamba muhuri ulikosewa. Baraza lilikubali kutusikiliza Jumapili. Siku mbili zile sikukaa. Nilizunguka soko, nikakagua tena mizani ambayo nilishaikagua. Bi Mwatime alilala akiwa ameinua mguu juu ya mto, akigombana nami.

"Usinitembeze kwenye mabaraza, baba. Nikirudisha hati, nani atanipa harusi? Nitapika nini, uji wa wagonjwa?"

"Ukiwa na mguu mmoja utapika nini?"

"Nitapika nimekaa."

Alikuwa amelifikiria jambo hilo kuliko nilivyodhani.

Baraza la Uzima lina wajumbe tisa na mwenyekiti, Mheshimiwa Kazija, mama mrefu aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Nilimtegemea kwa sababu hiyo. Nilieleza kwamba kipimo cha asubuhi moja husema habari ya asubuhi moja. Nikaeleza kwamba kipo kipimo kingine, kwa sababu sukari iliyomo katika damu hushikamana na chembe nyekundu, na chembe hizo huishi takriban siku mia na ishirini; ukizipima, utajua wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, hata kama mtu alijipanga wiki nzima. Niliomba Bi Mwatime apimwe hivyo.

Mjumbe mmoja mnene alisimama kwa shida. "Waheshimiwa, mmesikia? Mgeni anataka damu ya mtu itoe ushahidi dhidi ya mwenyewe. Yaliyopita si ndwele. Sisi hapa tunapima leo!"

Alipigiwa makofi. Mwingine akauliza kama kipimo hicho kitakumbuka pia harusi na sikukuu, na nilipojibu kuwa ndiyo, akasema basi kinavunja heshima ya sikukuu. Wa tatu alitaka kujua kama kinaweza kuagizwa kisahau siku za mapumziko. Mjadala huo ulichukua saa nzima. Bi Mwatime alikuwa ameketi mbele, mguu juu ya kigoda, na wajumbe wa safu ya kwanza walikuwa wameanza kujipepea kwa karatasi zao.

Mwenyekiti alinyanyua mkono. "Bwana mkaguzi, hoja yako ni ya vitabuni. Unaye mtu mmoja, hapa, aliyegongewa muhuri Jumatano, na ambaye kipimo chako kinasema vinginevyo? Mtu, si hoja."

Nilikuwa naye. Nilikuwa nimekaa naye siku hamsini na saba. Naandika hapa kwamba nilifikiria kusema sina. Nilifikiria kwa muda wa kutosha kumwona Bwana Mshindo akifungua kalamu yake ili aandike kuwa shauri limetupwa.

Niliitoa hati katika mfuko wa shati nikaiweka mezani. Kisha nikaikunjua ile karatasi ya mkobani, nikaiweka kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza kuonwa na macho mengine tangu itoke kwa daktari wangu.

"Jumatano Baraza hili lilinipima sita nukta mbili," nilisema. "Karatasi hii ni ya kipimo cha chembe nyekundu, cha wiki nane zilizopita: asilimia tisa nukta moja, na sita na nusu tu tayari ni kisukari. Jumatano hiyohiyo jioni, baada ya sherehe, nilikuwa na kumi na saba nukta nne. Nina kisukari. Nilikuwa nacho nilipoandika ndiyo mpakani, nilikuwa nacho mliponipa pongezi, na ninacho hivi sasa ninapozungumza."

Sauti yangu haikuwa thabiti. Siamini kwamba ilikuwa na umuhimu kwa hoja, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwenyekiti alizisoma karatasi zote mbili, akazilinganisha tarehe, akampa Msajili. Bwana Mshindo alizitazama kwa uchungu wa kweli. "Huyu ametudanganya," alisema. "Kipimo chetu ni sahihi. Mgeni ndiye aliyekuwa na kosa."

Hukumu ilitolewa palepale. Hati yangu ilifutwa kwa udanganyifu na nikapewa siku kumi na nne niondoke nchini. Kipimo cha chembe nyekundu kilikataliwa kwa kura saba kwa mbili. Ili kuziba udhaifu uliojitokeza, siku za kujipanga ziliongezwa kutoka tatu kuwa nne. Kuhusu Bi Mwatime, Baraza lilisema kwamba muhuri wake haujathibitishwa kuwa na kosa, kwa hiyo hauwezi kufutwa. Anaweza tu kuiacha hati kwa hiari yake, akitamka mbele ya watu kwamba haistahili, na akifanya hivyo hatapata nyingine kwa miaka mitano.

"Je, bibi unaiacha?" aliuliza mwenyekiti.

Wengi waliokuwa pale walikuwa wameolewa na kuoa kwa chakula cha mikono yake. Mwanamke mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Usithubutu, Mwatime! Harusi ya binti yangu ni mwezi ujao!"

Bi Mwatime alishika mikono ya kiti akainuka. Ilimchukua muda, na sikumsaidia kwa sababu alinikatalia kwa jicho.

"Somoe," alimwambia yule mwanamke bila kugeuka, "harusi ya binti yako nitakuja kula. Nitakaa karibu na mchicha." Kisha akamtazama mwenyekiti. "Mheshimiwa, mimi natembelea mguu, sitembelei hati. Siistahili. Miaka yote hii sikuistahili hata siku moja, na nyote mnajua, maana shira nilikuwa naionja mbele yenu."

Akaiweka mezani. Hakuna aliyempigia makofi. Wajumbe kadhaa walitazama viatu vyao.

Wodi ya Sukari ilikuwa nyuma ya hospitali, nyumba ndefu isiyo na kibao. Ilikuwa imejaa. Nilihesabu vitanda arobaini na wagonjwa sitini na watatu, wote, kwa mujibu wa takwimu za taifa, wasiokuwepo. Bi Mwatime aliingizwa mchana huohuo. Jumatatu kidole gumba na cha pili vilikatwa. Jumatano, siku ya mwisho katika hesabu ya Siwema, wekundu ulikuwa umeacha kupanda. Ijumaa ulikuwa umeshuka nusu inchi, nami niliupima kwa rula, kwa ruhusa yake. Mguu ulibaki.

Siku ya kumi alisimamishwa. Siwema alimwonya kwamba hisia za unyayo hazitarudi kama zamani, hata sukari ikitengemaa, kwa hiyo macho yake ndiyo yatakayofanya kazi ya nyayo. Nilimtazama akishuka kitandani. Aliuteremsha mguu ule uliofungwa bendeji, akainamisha kichwa kuhakikisha kwamba umefika sakafuni, ndipo akauegemea. Alifanya hivyo kwa kila hatua, hatua kumi na moja hadi dirishani na kumi na moja kurudi. Mimi nilikuwa nikitembea kando yake, kisha mbele yake, kisha hadi mlangoni na kurudi.

"Kaa, baba," alisema alipofika kitandani. "Unanitia kizunguzungu. Toka uje humu hujakaa. Umemwambia mkeo?"

"Nimemwandikia jana."

"Umemwandikia namba au umemwandikia maneno?"

"Vyote."

"Haya. Vua viatu."

"Mimi?"

"Ulinivua vyangu mbele ya majirani, na hukuona haya. Vua."

Nilikaa pembeni mwa kitanda nikavua viatu na soksi. Daktari wangu aliniagiza niangalie nyayo kila siku, na katika siku sitini na saba nilikuwa nimejichoma vidole zaidi ya mara mia tano na sikuwa nimeangalia nyayo hata mara moja. Bi Mwatime alivaa miwani, akaukamata mguu wangu wa kulia, akauweka pajani kama mtu anayechambua mchele. Alipitia kidole kimoja kimoja na katikati yake. Akaushusha, akachukua wa pili. Safari hii alikawia.

"Hapa kisiginoni pana ufa," alisema. "Unaumia nikibonyeza?"

Nilitaka kumjibu kwa usahihi, kwa hiyo nilifumba macho na kungoja.

"Bonyeza," nikamwambia.

Nilipofumbua macho, nilikuta dole gumba lake limezama katika kisigino changu hadi kucha imekuwa nyeupe, naye ananitazama usoni.

"Siwema," aliita, bila kuuachilia mguu. "Njoo na taa, mwanangu. Na huyu mtafutie pa kulala."